Watoto Kumi, Wasizidi

"Watoto ni wangapi?" Bi Zuleikha aliuliza kwa mara ya pili.

"Wapo," Mbeyu akasema. "Tunamshukuru Mungu."

"Najua wapo, mama, nawaona. Nauliza idadi yao."

Mbeyu aliendelea kukoroga uji. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mkavu wa maneno, na ua wake pale Dabaso ulijulikana na kila mwanamke aliyekuwa na kazi katika hoteli za Watamu: wanaotandika vitanda, wanaofua mashuka, wanaomenya viazi jikoni. Asubuhi walipita wakamwachia mtoto, jioni wakapita wakamchukua. Watoto walimwita Hawe, yaani nyanya, kama wanavyosema Wagiriama, na mama zao nao wakalishika jina hilo hilo.

Sasa, sisi huku hatuhesabu watoto. Nazi huhesabiwa, mbuzi huhesabiwa, boriti za mikoko huhesabiwa mpaka watu wakagombana. Mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu, umemwonyesha kwa kile kinachomtafuta. Ukiulizwa unao wangapi, unasema wawili watatu, hata wakiwa tisa, na mwulizaji mwenye adabu zake hunyamaza hapo. Bi Zuleikha alikuwa na adabu, lakini alikuwa pia na fomu.

"Bila nambari karatasi hii haipiti," akasema. Alikuwa msichana wa ofisini Malindi, wazee wake watu wa visiwani, na Kiswahili chake kilitoka taratibu, kimepigwa pasi. "Na isipopita, mama yangu, hupati cheti. Nilikueleza. Mwenye cheti, shirika litampa unga na maziwa ya watoto kila mwezi, na yeye mwenyewe mlezi shilingi mia mbili na hamsini. Asiye na cheti, mwezi wa kwanza ukifika chifu atamfungia."

Chini ya kibanda, Mwambire, mumewe Mbeyu, aliyekuwa akishona makuti, akakohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa.

"Andika kumi," Mbeyu akasema.

Bi Zuleikha akautazama ua. "Mbona naona wanazidi?"

"Hao wengine ni wa majirani. Watoto hupita."

"Kumi? Una hakika, mama?"

"Kumi."

Akaandika. Mbeyu akashusha pumzi. Kumi haikuwa idadi ya watoto wake, kwa hiyo haikuweza kumdhuru yeyote kati yao. Aliona amewakinga vizuri.

Wala msidhani hakuwajua. Kwenye ukuta wa nyumba yake, upande wa jikoni, palikuwa na misumari, na kila msumari ulikuwa na kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikang'aa, kimetobolewa na kutiwa kamba. Kila mtoto na kifuu chake. Kimoja kilikuwa na ufa, kimoja kimechorwa samaki kwa mkaa, kimoja kimefungwa uzi mwekundu. Mtoto akifika asubuhi alikitungua akanywea uji, na mama yake akija kumchukua, alikiangika ndipo akatoka. Jioni Mbeyu aliutazama ukuta. Kifuu kikiwa chini, kuna mtoto hajachukuliwa. Vikiwa juu vyote, wote wamekwenda kwao. Miaka zaidi ya kumi hajapoteza hata mmoja, na hajahesabu hata mmoja.

* * *

Likizo ya mwezi wa nane na ya mwezi wa kumi na mbili Mbeyu alikwenda Malindi kusomea cheti, wiki mbili mbili. Alikaa kwenye viti vya chekechea pamoja na wasichana waliomaliza shule juzi, magoti yamemfika kidevuni. Wakafundishwa kutengeneza njuga kwa visoda. Mwalimu akasema mtoto akilia abebwe, na Mbeyu akatazama huku na huku aone ni nani humo ndani ambaye alikuwa halijui hilo.

Mengine alijifunza kweli. Kuchemsha maji ya kunywa. Kuosha mikono kwa sabuni kabla ya kupakua. Dawa na mafuta ya taa kuwekwa juu, mtoto asikofika. Aliporudi alipanga kila kitu kama alivyoagizwa, akauza mbuzi wawili akachimba choo chenye mlango. Siku ya kutia sahihi alitia kidole, na wale wasichana wakatazama pembeni kwa heshima mpaka akaona haya ya kidole chenyewe. Alikisugua kwa majani ya mpera njia nzima ya kurudi. Wino haukutoka.

Cheti kikaja mwezi wa kwanza, mwaka wa themanini na saba, pamoja na magunia mawili ya unga na katoni ya maziwa. Jedida, bintiye, ndiye aliyekisoma. Jedida alikuwa akisafisha vyumba hotelini, na mwanawe Baya, wa miaka minne, alikuwa mmoja wa watoto wa pale uani. Alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, akasoma kwa sauti ya shule.

"Mbeyu wa Thoya amehitimu mafunzo ya ulezi. Kituo chake kimeidhinishwa kulea watoto kumi, wasizidi."

Kisha akasema, "Mama. Hawa kumi wametoka wapi?"

"Nilimwambia kumi."

"Kwa nini?"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Ukweli! Ungemwambia wako kumi na..."

"Jedida!"

Jedida akafunga mdomo. Darasa la saba alimaliza, lakini hata yeye hakuitaja idadi yenyewe. Nami kwa sasa sitaitaja. Jueni tu kwamba walizidi kumi, na walizidi sana.

"Wakaguzi wakija, mimi nitawapeleka hao wengine mikokoni," Mwambire akasema. "Tutaokota kaa."

"Hawapigi hodi, Baba. Imeandikwa hapa. Wanakuja siku yoyote, na wakikuta hata mmoja zaidi wanachukua cheti na unga wao, na ua unafungwa. Hapo watakaa nje wote, si hao wachache tu."

Mwambire akarudi kwenye makuti yake. Mgongo ulikuwa umemkatalia kazi ya kukata boriti mwaka wa tatu huo, na katika mambo ya nyumba siku hizi alitoa shauri moja tu, kisha akanyamaza.

* * *

Mbeyu alikwenda ofisini Malindi na kuku amefungwa miguu. Akangoja kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Karani mmoja alimwambia kuku asiingie ndani, akakaa naye nje, juani. Alipoitwa, alimkuta Bi Zuleikha nyuma ya meza iliyojaa mafaili.

"Shikamoo, mama. Karibu. Kuku wa nini tena?"

"Nimekuletea. Mwanangu, ile nambari nataka uirekebishe."

"Irekebishwe iwe ngapi?"

Mbeyu akatazama mikono yake. "Iwe kubwa kidogo."

Bi Zuleikha akaweka kalamu chini. "Mama, nilikuuliza mara tatu. Nilikuuliza mpaka nikaona haya. Orodha imeshakwenda Nairobi, na Nairobi imeshaipeleka kwa wafadhili ng'ambo. Choo kimepimwa cha kumi, unga umepimwa wa kumi. Nikiandika leo kwamba wanazidi, watauliza nani alidanganya, wewe au mimi."

"Sikudanganya. Wewe mwenyewe ni mtu wa Pwani. Unajua."

"Najua. Bibi yangu hajapata kunihesabu na wajukuu wenzangu mpaka leo, na akisikia mtu anafanya hivyo hutema mate." Akaichukua kalamu yake tena. "Lakini mimi nimeajiriwa kuhesabu, mama. Orodha hufunguliwa tena mwezi wa saba. Mpaka wakati huo, chagua kumi. Wasiokuwa na mtu kabisa, hao ndio uwashike. Wenye nyanya, wenye shangazi, warudi kwao kwa muda."

"Na Baya? Yeye analala kwangu."

"Akiwa uani, anahesabiwa."

Alimrudisha kuku. Mbeyu akarudi naye Dabaso amemkumbatia, na kuku huyo alitaga siku mbili baadaye kama kwamba hakuna lililotokea.

* * *

Ilichukua wiki nzima kuchagua. Mbeyu aliutazama ukuta asubuhi na jioni, akitungua kifuu na kukirudisha. Hiki kina shangazi Gede. Hiki kina dada wa darasa la nne. Dada ataacha shule, lakini yupo. Hiki baba yake yuko tu nyumbani, mlevi, ila si mkali. Ndivyo alivyowapunguza, mmoja mmoja, mpaka vikabaki viwili kwa msumari mmoja wa mwisho: kifuu cha Baya na kifuu chenye uzi mwekundu.

Cha uzi mwekundu kilikuwa cha Kache, mtoto wa miaka mitatu, mwana wa Hannah. Hannah alikuwa mtu wa Kaloleni, dobi hotelini. Mume alimwacha msimu uliopita, akabaki na chumba cha kupanga, jiko la mafuta ya taa na mtoto. Hakuwa na mtu Dabaso.

"Mtoe Baya," Jedida akasema ghafla, jikoni, bila kumtazama mama yake.

"Nimpeleke wapi?"

"Sijui. Nimesema tu nisije nikaonekana sikusema."

Nasema wazi, kwa kuwa watu wa Dabaso walilisema sana baadaye: Mbeyu alimchagua mjukuu wake. Yeyote kati yetu angefanya hivyo, na hilo halikumsaidia.

Jioni Hannah alipokuja, bado mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji ya sabuni. Mbeyu alimweleza yote kwa mara moja, haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu.

"Lakini Hawe," Hannah akasema, "mimi sina mtu hapa. Unajua."

"Najua. Ni mpaka mwezi wa saba."

"Hapa kati nifanyeje? Nikikosa kazi siku tatu wananiweka mwingine. Wako wanangoja pale getini kila asubuhi."

"Huwezi kumpeleka Kaloleni kwa mama yako?"

"Mama hajiwezi. Yeye mwenyewe analishwa." Akaifunga leso yake upya. "Haya, Hawe. Usijali. Wewe umetulea sote."

Akamwita Kache. Mtoto akaja mbio, akaangika kifuu chake kwa kusimama kwenye ncha za vidole, kama kila siku, akampungia Hawe mkono. Mbeyu alikiondoa baada ya wao kupotea njiani. Alikitia kwenye kikapu pamoja na vile vingine sita, akakisukuma kikapu chini ya kitanda.

* * *

Hannah alinunua kufuli.

Kila asubuhi alimwachia mtoto uji, kipande cha muhogo uliochemshwa na kikombe cha maji, akafunga kwa nje. Majirani walijua. Wiki ya kwanza mtoto alilia mpaka adhuhuri. Wiki ya pili alilia kidogo. Wiki ya tatu hakulia, wakasema sasa amezoea. Jedida alimweleza mama yake, naye Mbeyu akasema, "Mwezi wa saba si mbali." Ilikuwa mwezi wa pili.

Jumatano moja ya jua kali Kache alimaliza maji yake mapema. Chini ya kitanda palikuwa na chupa ya soda, na ndani yake mafuta ya taa. Mwanamke wa chumba cha pili alisikia kikohozi ambacho hakikupoa. Wakavunja mlango. Wakampa maziwa, wakampa dafu, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya mtu akila sumu, naye akatapika, akazidi kubanwa. Wakampata mwenye pikapu, akapelekwa Malindi. Hannah aliitwa kutoka kwenye mashuka, akafika hospitalini na viatu vya mpira vya kufulia miguuni.

Kache alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Alizikwa Kaloleni.

Mbeyu alikwenda. Alijiandaa kutukanwa, moyoni alikuwa akingojea matusi hayo njia nzima, na hayakuja. Wanawake walimpa mkeka, wakampa chai. Hannah alikuwa amekaa ukutani, amefunikwa leso mpaka puani.

"Hawe, umekuja," akasema.

"Nimekuja, mwanangu."



"Kifuu chake bado kiko kwako?"

"Kipo."

"Basi," Hannah akasema, akaivuta leso mpaka machoni.

Aliporudi Dabaso, Mbeyu alikoroga uji wa watoto kumi. Ulikuwa uji mzuri kuliko wa zamani, kwa ajili ya maziwa. Watoto walinawiri mashavu. Aliwanawisha mikono kwa sabuni, akachemsha maji, akapanga visoda. Alikula akiambiwa ale. Mwambire alimsikia mchana akizungumza peke yake jikoni, akasogea, akakuta hazungumzi, anahema tu.

* * *

Mwezi wa nne Bi Zuleikha alikuja bila hodi, kama ilivyoandikwa, na mama mmoja wa Kizungu kutoka kwa wafadhili. Walikagua choo. Walikagua ndoo za maji. Yule mgeni aliinama akapiga picha visoda, akapiga picha vifuu vya uji, akacheka na watoto. Alisema mengi, na Bi Zuleikha akayatafsiri.

"Amefurahi sana, mama. Anasema hajaona kituo safi kama hiki mwambao mzima. Hatangoja mwezi wa saba. Ataongeza unga, na posho yako itapanda." Kisha akasogea, akapunguza sauti. Habari za Kache zilikuwa zimemfikia, na hakuweza kumtazama Mbeyu usoni. "Nakuomba, mama. Safari hii niambie idadi yao ya kweli. Ni wangapi?"

Mbeyu aliingia ndani. Akatoka na kikapu. Akapanga vifuu saba chini, kwenye mchanga, mbele ya miguu ya wageni, kisha akakusanya vile vya watoto waliokuwa uani akavipanga pamoja navyo. Jedida alikuwa yupo, siku yake ya mapumziko. Mwambire akaacha sindano ya makuti hewani.

Mbeyu akainua chenye uzi mwekundu.

"Mmoja," akasema kwa sauti ya kusikika njiani. "Kache wa Hannah."

"Mama Jedida," Mwambire akasema. "Wacha hayo."

"Wawili. Baya wa Jedida."

Jedida, yuleyule aliyetaka ukweli usemwe, alimvuta mwanawe akamfunika kwa leso yake gubigubi. Mtoto akauliza kuna nini, akabanwa zaidi.

"Watatu. Wanne." Kila kifuu alikiinua, akamtaja mwenyewe na mama yake, akakiweka upande wa pili. Watoto waliokuwa uani waliyasikia majina yao, wakasimama kumwangalia. Jirani aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akaitua, akaweka mkono kinywani. Mbeyu alihesabu kama mtu anayehesabu nazi, mpaka mchanga ukabaki mtupu.

"Kumi na saba," akasema.

Kalamu ya Bi Zuleikha ilikuwa imesimama. "Kache ndiye yule..."

"Ndiye."

"Basi nitaandika kumi na sita, mama. Marehemu hapewi unga."

"Sikumwombea unga. Uliniuliza mara tatu, na leo ukaniuliza tena. Nimekujibu. Andika."

Mgeni akauliza jambo kwa lugha yake. Bi Zuleikha hakumtafsiria. Aliinamisha kichwa, akaandika.

"Soma."

"Kumi na saba," Bi Zuleikha akasoma.

* * *

Mwezi wa tano watoto walirudi, wote waliobaki, na mama zao waliona haya kumtazama Hawe, kwa sababu kila mmoja alikwisha kusikia kwamba mwanawe amehesabiwa. Watoto wawili walifungwa hirizi mpya mkononi. Hakuna aliyeugua. Unga ulikuja wa kumi na saba, na ule uliozidi Mbeyu aliupeleka Kaloleni kwa akina Hannah, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akienda huko.

Asubuhi moja watoto walitungua vifuu vyao, wakakaa mkekani. Baya alibaki amesimama mbele ya ukuta, akikitazama kimoja kilichobaki juu, chenye uzi mwekundu.

"Hawe," akasema, "Kache ameshakwenda kwao?"

Mbeyu alikuwa na upawa mkononi. Akamimina wa huyu, akamimina wa yule.

"Ndiyo," akamwambia. "Alichukuliwa mapema. Kaa unywe uji."